Vikombe vya Boston, Vibaba vya Tanga

Jikoni kwa Mmarekani, kwenye droo iliyo karibu na jiko, kuna vikombe ambavyo havinywewi kitu. Mara nyingi huwa vinne, vya bati lisiloshika kutu au vya plastiki, vimeingia kimoja ndani ya kingine na kufungwa pamoja kwa pete. Kikubwa ndicho kikombe kamili, kinachofuata ni nusu, kisha theluthi, na kidogo kabisa ni robo. Pete nyingine imefunga vijiko: cha mezani, cha chai, nusu ya cha chai na robo yake. Kipimo cha kila kimoja kimechongwa kwenye mpini. Ukingo wa vikombe hivyo ni bapa, hauna mdomo wa kumiminia, kwa sababu kazi yake ni unga, sukari, mchele na shayiri, vitu vinavyojazwa kisha vikakatwa usawa. Maji na maziwa yana chombo chake, jagi la kioo lenye mistari myekundu ubavuni, na mpishi makini hapimii unga humo.

Nilifikia kwa binti wa shangazi yangu, upande wa kusini wa Boston, katika nyumba ya ghorofa tatu za mbao ambayo kila ghorofa ina familia yake. Ameishi huko miaka mingi, ni muuguzi, na jikoni kwake mambo ya Tanga na ya Boston yanakaa kabati moja: hiliki na mdalasini pembeni ya sharubati ya mti wa maple wa huko, mbuzi ya kukunia nazi pembeni ya mashine ya kahawa. Mizani hakuwa nayo. Niliulizia, akanijibu kwamba karibu kila pishi lililoandikwa nchini humo hutaja vikombe na vijiko, hivyo mwenye pete zile mbili ana kila anachohitaji. Nikaanza kuangalia kwa makini, maana mimi nimekulia mahali ambapo kilo moja ya unga ni kilo moja, na muuza duka huiweka juu ya mizani mbele ya macho yako.

Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, anayeoka keki kwa ajili ya kanisa lake, ndiye aliyenionyesha namna kikombe kinavyojazwa. Kwanza aliukoroga unga ndani ya mkebe wake ili ulegee. Kisha akauchota kwa kijiko na kuudondosha kikombeni kidogo kidogo mpaka ukafanya kilima juu ya ukingo. Hakukitikisa kikombe, hakukigonga mezani, hakuushindilia unga kwa kidole. Mwisho alichukua kisu, akapitisha mgongo wake juu ya ukingo kwa mkupuo mmoja, kilima kikarudi mkebeni na juu ya kikombe pakabaki uwanda mweupe. Alirudia vilevile kwa kikombe cha pili na cha tatu, bila haraka. Ilipofika zamu ya sukari ya rangi ya kahawia, ile yenye unyevu, mambo yakageuka: hiyo aliishindilia kwa mgongo wa kijiko mpaka ikawa bonge, na alipokipindua kikombe ikatoka ikiwa na umbo la kikombe. Unga haushindiliwi, sukari ya kahawia lazima ishindiliwe. Desturi hiyo haiandikwi kila mara kwenye pishi. Wanaipokea kwa mama zao au shuleni, na anayeikosa hupata keki nyingine kabisa.

Nilikumbuka soko la Mgandini, Tanga. Kule kwetu anayekata usawa huonekana bahili. Muuza maharage hujaza kopo, kisha huzungusha viganja vyake viwili pembeni ya ukingo kuzuia punje zisianguke, anaongeza na kuongeza mpaka kilele kinasimama chenyewe, na mnunuzi bado anasubiri nyongeza ya kiganja. Mteja mwenye uzoefu hutazama pia tako la kopo, kama halikugongwa likaingia ndani, maana hapo ndipo faida ya muuzaji hujificha. Sado ya viazi hupimwa hivyo hivyo, debe la mahindi hivyo hivyo. Wazee wa pwani walikuwa na majina ya namna zote mbili: kibaba cha tele, chenye kilima, na kibaba cha mfuto, kilichokatwa usawa. Mnunuzi na muuzaji walitaja kabisa ni kipi wanachopatana, na bei ilifuata. Gunia nalo likipewa kilele chake huitwa lumbesa, na Wakala wa Vipimo wa Tanzania umepambana nalo kwa miaka mingi, kwa kuwa hapo kilima hakimfaidishi mnunuzi wa kawaida, kinamwibia mkulima.

Kwa hiyo kukata usawa si jambo geni kwetu. Geni ni kwamba taifa zima lilikubaliana kukata usawa jikoni, na makubaliano hayo yana mji wake na mtu wake.

Mji ni huohuo Boston. Mwaka 1896 mwalimu wa upishi aitwaye Fannie Merritt Farmer alichapisha kitabu kikubwa cha mapishi cha shule aliyokuwa akiiongoza, Boston Cooking School. Alizaliwa mwaka 1857, akapata kiharusi akiwa msichana, masomo yake yakakatika, na ni akiwa mtu mzima ndipo alipoingia shule ya upishi kama mwanafunzi kabla ya kuja kuwa mkuu wake. Wachapishaji wake, Little, Brown, hawakuamini kwamba kitabu kitauzika, na nakala 3,000 za kwanza zilichapwa kwa gharama yake mwenyewe. Kitabu kiliuzwa kwa wingi vizazi na vizazi. Kabla yake vitabu vya Kimarekani vilijaa maelekezo ya aina ya siagi kiasi cha yai, unga kikombe cha chai, chumvi ya kutosha, na kila nyumba ilikuwa na vikombe vyake vya chai vya ukubwa wake. Farmer alishikilia kwamba kikombe kiwe cha ukubwa mmoja uliopangwa, na kwamba kila kikombe na kila kijiko kikatwe usawa kwa kisu. Hata leo wanapomtaja humwita mama wa vipimo vya usawa.

Mimi naona alifanya kazi kubwa kuliko sifa anayopewa. Mwanamke wa shambani mwenye kikombe na kisu, bila mizani, aliweza kupika chakula kilichopikwa mjini na mtu asiyemjua. Hilo lilitaka mambo mawili tu: chombo kilekile na mkono unaojaza kwa namna ileile. Chombo kilikuwa rahisi kusambaza. Kikombe cha Marekani leo ni mililita 237 hivi, na kwenye vibandiko vya vyakula hufanywa 240. Vijiko 3 vya chai ni kijiko 1 cha mezani, na vijiko 16 vya mezani ni kikombe 1. Mkono ndio umebaki kazi ngumu.

Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, ya betri, bapa na nyembamba, tukapima unga pamoja na binti wa shangazi jioni moja baada ya zamu yake. Kwa njia ya yule bibi, kijiko na kisu, kikombe cha unga wa ngano kilikuja gramu 120 na kitu. Kwa njia ya watu wenye haraka, wanaozamisha kikombe ndani ya mfuko na kukitoa kimejaa, kilipita gramu 140. Kikombe ni kilekile, unga ni uleule. Tofauti ni hewa. Chembe za unga wa ngano ni ndogo sana na zinashikana, baina yake kuna nafasi nyingi, na kila unapouchekecha nafasi zinaongezeka, kila unapoushindilia zinapungua. Kwenye pishi lenye vikombe 4 vya unga tofauti hiyo inakaribia gramu 100, nayo inatosha kugeuza mkate laini ukawa mgumu. Sukari nyeupe tuliichota kwa kila namna na haikuyumba sana: gramu 200 kwa kikombe, ikipanda au kushuka kidogo. Punje zake ni ngumu, zinalala zenyewe, hazibonyei. Mchele mkavu ulikaa gramu 185 hivi. Shayiri iliyopondwa bapa, ile ya uji, haikufika gramu 90. Kakao ilikuwa nyepesi zaidi kidogo kuliko hiyo, na chumvi laini ya mezani ilikaribia gramu 290.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anasikia kwamba kikombe ni gramu kadhaa, anaichukua namba ile na kuitumia kwa kila kitu kilichomo kabatini. Kikombe hakina gramu. Mchele una gramu zake ndani ya kikombe, unga una zake, chumvi ina zake. Ni maji peke yake yanayokubali hesabu nyepesi, maana mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, na waliounda kilo huko Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18 waliipanga makusudi iwe hivyo.

Duka kubwa la vyakula la Marekani lenyewe hutoa hesabu hizi bila mtu kuomba. Sheria ya huko inataka kila pakiti iandikwe kiasi cha mlo mmoja kwa kipimo cha nyumbani na kwa gramu, vikiwa pamoja. Nilitembea kwenye vijia vya rafu na daftari. Mfuko wa unga wa ngano: robo kikombe, gramu 30. Mchele: robo kikombe, gramu 45. Shayiri: nusu kikombe, gramu 40. Ukizidisha, kikombe cha unga ni 120, cha mchele 180, cha shayiri 80, karibu sawa na mizani yetu. Sukari huandikwa kwa vijiko vya chai, gramu 4 kwa kila kijiko, na hapa msomaji awe mwangalifu. Kikombe kina vijiko 48 vya chai, na 4 mara 48 ni 192, ilhali kikombe kizima kikipimwa kina 200. Kijiko kina gramu 4 na ziada ndogo juu yake. Sheria inaruhusu ziada hiyo ikatwe, na kikizidishwa mara 48 kile kilichokatwa kinakuwa gramu 8. Anayebadili vipimo ni heri aanze na kiasi kikubwa akigawanye kuliko kuanza na kidogo akizidishe.

Siagi yao haina haja ya kikombe. Inauzwa kwa miche mirefu, kila mche umefungwa karatasi iliyopigwa mistari minane ya vijiko vya mezani, unakata kwa kisu juu ya karatasi. Mche mmoja ni nusu kikombe, gramu 113. Nimeipenda karatasi ile. Kazi yote ya kubadili ujazo kuwa uzito imemalizwa kiwandani, na mtoto anaweza kupima siagi bila kuchafua chombo.

Chumvi ndiyo iliyonishangaza. Wapishi wengi wa huko hutumia chumvi ya punje kubwa, inayookotwa kwa vidole. Kuna chapa mbili zinazojulikana, Diamond Crystal na Morton, na ukisoma vibandiko vyake unakuta kijiko cha chai cha ya kwanza kina gramu 2.8, cha ya pili gramu 4.8, na cha chumvi laini ya mezani gramu 6. Zote ni chumvi, na ukizipima gramu kwa gramu zinakoleza sawasawa. Lakini punje za ile ya kwanza zina uwazi ndani, zinajaza kijiko kwa hewa. Kwa hiyo pishi likisema kijiko kimoja cha chumvi bila kutaja ni ipi, chakula kinaweza kupata chumvi mara mbili ya iliyokusudiwa. Vitabu vizuri vya Kimarekani siku hizi hutaja jina la chapa. Kwetu mpishi wa pwani anayetumia chumvi ya mawe huionja kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha ndipo anaamua.

Kutoka Boston nilipitia Hamburg kwa jamaa wengine, na hapo nikaona upande wa pili wa jambo lilelile. Jikoni kwa Mjerumani mizani iko juu ya meza mchana kutwa. Pishi husema unga gramu 250, sukari gramu 125, siagi gramu 125, na bakuli moja huwekwa juu ya mizani, kila kitu humiminwa humo, kitufe kinabonyezwa namba irudi sifuri, kitu kinachofuata kinamiminwa. Vyombo vya kuosha vinapungua. Hakuna anayeuliza kama unga ulichekechwa kabla au baada, maana gramu 250 za unga uliochekechwa na gramu 250 za unga uliolala ni unga uleule.

Hata hivyo Wajerumani nao wana kikombe chao, na ndicho chombo kilichonifurahisha kuliko vyote nilivyoona safari ile. Ni kikombe kirefu cha plastiki, chembamba chini na kipana juu, na ndani ya ukuta wake kuna safu kadhaa za mistari iliyosimama pembeni kwa pembeni. Safu moja ni ya maji, kwa mililita. Nyingine ni ya unga, kwa gramu. Nyingine ya sukari, nyingine ya mchele, nyingine ya semolina. Mstari wa gramu 100 za unga uko juu kuliko mstari wa gramu 100 za sukari, kwa kuwa unga ni mwepesi na unahitaji nafasi zaidi. Jedwali zima ambalo mimi na binti wa shangazi tulilitafuta jioni ile kwa mizani limechorwa kwenye ukuta wa kikombe, unalisoma kwa jicho huku unamimina. Hakina usahihi wa mizani, kwa sababu ileile ya hewa, lakini kwa uji, ugali au keki ya nyumbani kinatosha sana. Ningependa kukiona kimetengenezwa Tanzania, na safu zake ziwe za sembe, dona, unga wa ngano, mchele, maharage na sukari.

Mambo madogo sana hayapimiki kwa mizani ya kawaida, na Wajerumani wanajua. Hamira na unga wa kuumulia keki kwao huja kwenye vipakiti vilivyokwisha pimwa. Mfamasia mmoja wa mji wa Bielefeld, August Oetker, alianza biashara hiyo mwaka 1891: alipima unga wa kuumulia, akaufunga katika kipakiti cha kutosha ratili moja ya unga wa ngano, na tangu hapo mwanamke wa Kijerumani hakuhitaji kupima kitu kile tena. Kipakiti cha leo bado kinakisiwa kwa gramu 500 za unga. Gramu 500 hizo sokoni bado wanaziita ratili, ingawa ratili ya Marekani ni gramu 454. Vijiko vimebaki katika mapishi yao kwa chumvi, viungo na asali.

Safarini nilikuwa nikiifikiria pishi, ile ya kupimia nafaka. Kwa msomaji kijana, pishi ni vibaba vinne, au visaga viwili, kwa kuwa kisaga ni vibaba viwili. Ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Duka la Kihindi la Tanga la zamani lilikuwa na vyombo vya mbao vya vipimo hivyo, na mizani iliwekwa kwa vitu vinavyouzwa kwa wakia, ratili na frasila: karafuu, pembe, gundi, samli. Nafaka ilikuwa na njia yake na bidhaa ya kusafirisha ilikuwa na yake. Kilo ilipokuja, pishi iliondoka madukani, lakini kuna siku moja kwa mwaka inarudi kila mji wa pwani. Mwisho wa Ramadhani kila Mwislamu mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kinacholiwa sana mahali pale. Asili ya kipimo hicho ni viganja viwili vya mtu wa kadiri vilivyojazwa mara nne. Siku hizi msikitini hutangazwa kilo, na kila mwaka watu huulizana kwa nini mmoja anasema kilo 2 na nusu na mwingine kilo 3. Jibu ni lile la vikombe vya Boston. Pishi ya mchele haina uzito wa pishi ya tende, wala pishi ya ngano si pishi ya unga wa ngano. Anayetaja kilo 3 anaweka tahadhari ili asipungukiwe, na anayetaja 2 na nusu amepima nafaka fulani kwa pishi fulani. Wanazuoni waliyajadili haya karne nyingi kabla ya Fannie Farmer, na waliyajadili kwa uzito kwa sababu chakula kile ni haki ya maskini.

Kwa hiyo niliporudi Boston nilikuwa na mtazamo mwingine kuhusu mkate wa kumimina wa binti wa shangazi. Alikuwa amenilalamikia kwamba mkate wake hauinuki, unakuwa majimaji katikati, na alilaumu tui la kopo. Pishi alilipokea kwa mama yake kwa simu: mchele vikombe viwili, sukari nusu kikombe, tui kiasi, hamira, hiliki. Vikombe viwili akapima kwa kikombe cha kwenye pete. Lakini shangazi yangu hajawahi kumiliki kikombe kile. Kikombe chake ni cha bati jeupe lenye ukingo wa buluu, kinachoning'inia msumarini karibu na mtungi, na hicho ndicho kipimo chake cha mchele tangu nilipokuwa mdogo.

Tukampigia. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila mtu, nikamwomba akipeleke kikombe dukani.

"Dukani kufanya nini, mwanangu?"

"Wakipime, shangazi. Kwanza kitupu, halafu kimejaa maji, halafu kimejaa mchele."

Hakuuliza zaidi. Duka liko mlango wa tatu, na kijana wa pale ana mizani ya umeme yenye namba nyekundu. Tulimsikia akicheka, "Bibi leo unauza maji?" kisha akapima. Maji, baada ya kuondoa uzito wa bati, yalikuwa gramu 380, yaani kikombe cha shangazi kina ujazo wa mililita 380. Mchele uliokatwa usawa ukawa gramu 315. Shangazi akadakia kwamba hapimi hivyo yeye, akachukua kikombe mkononi mwa kijana na kukijaza mwenyewe. Kikaja gramu 360. Vikombe viwili vya tele vya shangazi ni gramu 720 za mchele. Vikombe viwili vya pete vya bintiye havifiki 400. Nusu ya mchele ilikuwa ikikosekana, na tui la kopo halikuwa na kosa lolote.

Njia hii ya maji namshauri kila mwenye pishi la mama yake lililoandikwa kwa kikombe, kopo au bilauri. Pima chombo kitupu, kijaze maji, pima tena. Tofauti kwa gramu ndiyo ujazo kwa mililita. Ukishaujua ujazo unaweza kukisia uzito wa kila kitu kilichomo, kwa kuwa mililita 100 za mchele mkavu ni gramu 80 hivi, za sukari gramu 85, za unga wa ngano gramu 50 hadi 60 kulingana na mkono. Na hata kikombe cha plastiki kinachokuja na jiko la umeme la kupikia wali, ambacho siku hizi kiko nyumba nyingi Dar es Salaam, si kikombe cha Marekani: ni mililita 180, kipimo cha Kijapani kiitwacho go, chenye mchele wa gramu 150 hivi. Mwenye kulinganisha vikombe hivyo kwa jina tu atapungukiwa na robo nzima.

Tukaandika karatasi upya, kwa kalamu nzito, na kuibandika mlangoni mwa jokofu. Mchele gramu 720, ukiwa mkavu, kabla ya kulowekwa, kwa sababu mchele uliolala majini usiku kucha huvuta maji na mizani huyahesabu hayo maji kuwa ni mchele. Sukari gramu 160. Tui mililita 570, ambalo ni kikombe kimoja na nusu cha bati. Hamira tuliacha kijiko cha chai, kilichokatwa usawa kwa kisu, na tukaandika neno usawa. Shangazi alisomewa mstari kwa mstari kwenye simu na akasahihisha mahali pamoja: hiliki isagwe siku ileile, na punje zihesabiwe kabla ya kumenywa, kumi na mbili. Kisha akataka karatasi ipigwe picha itumwe Muscat, kwa mkwe wake, ambaye naye ana kikombe chake cha mililita 250 na analalamika kwamba mkate unakuwa mzito.

"Mwambieni apime mchele," alisema, "na mwambieni aache kuushindilia."